Tundu la Mti na Tundu la Waya

Kama uko jikoni unachochea moto, kama umeegesha pikipiki kijiweni unasubiri abiria, kama umejilaza na redio iko kifuani, karibu. Jioni ya leo tuna habari za mti mmoja na ndege wa aina mbili.

Mti wenyewe ni mgunga mkavu. Umesimama katikati ya shamba la mjomba wangu, upande wa chini wa Katesh, pale ardhi inapoteremka kuelekea Ziwa Balangida. Nyuma yake uko Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi nyingi huamka umejitanda wingu. Mgunga huu haujatoa jani kwa miaka. Gome limebanduka, matawi mawili makubwa yamelala chini, na shina limebaki jeupe kama mfupa.

Msimu uliopita nilimkuta mjomba ameshika shoka. Akaniambia, "Mwanangu, hapa pana kuni za mwezi mzima. Mti uliokufa unanisaidia nini ukisimama?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima anayeamka alfajiri kulima. Nikamwomba siku tatu. Nikakaa chini ya mti ule asubuhi na jioni, nikitazama na kuandika. Ninayokusimulia leo ndiyo yaliyokuwa jibu langu kwake.

Shina lile lina matundu mawili. La juu limetokea pale tawi lilipokatika na kuoza kwa ndani. La chini ni la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa keekee. Hilo ni kazi ya kigogota, aliyelichimba, akalea humo, kisha akahama. Tundu la juu wamelishika kasuku wadogo ambao vitabu vyetu vya ndege huwaita cherero. La chini analo mdiria. Kwa hiyo mti mmoja una nyumba mbili, na hakuna hata mpangaji mmoja aliyechimba tundu analolala.

Nianze na mdiria, maana yeye ndiye watu humpita bila kumwona. Ukisema mdiria, wengi hufikiri maji. Humkumbuka yule mweupe na mweusi anayesimama hewani juu ya ziwa, mabawa yakipepea, kisha anajitupa majini na kuibuka na samaki. Lakini jamii hiyo ina zaidi ya spishi 100 duniani, na nyingi kati yake haziishi kwa samaki kabisa. Huyu wa shambani kwetu ni mmojawapo. Anakaa porini pakavu, mbali na mto, na chakula chake kikuu ni panzi. Hukamata pia wadudu wengine, na mara mojamoja mjusi. Ana urefu wa sentimita 17 hivi, na uzito wa gramu 40 hivi. Mwili wake ni wa rangi ya udongo, kichwa kimechorwa mistari, na mstari mweusi unapita kwenye jicho. Ukimtazama akiwa ametua, utadhani Mungu alimnyima rangi. Subiri aruke. Mabawa yakifunguka, mgongoni kwa chini kunawaka buluu kali, na akitua tu buluu hiyo imekwisha kufichwa. Sehemu ya pili ya jina lake la kisayansi, chelicuti, inatokana na Chelicut, mahali huko Ethiopia, na aliandikwa vitabuni mwaka 1814.

Cherero yeye hajifichi. Kichwa ni cheusi kama kimepakwa masizi, mdomo ni mwekundu, jicho limezungushiwa duara jeupe, shingo na kifua ni vya manjano, na mwili uliobaki ni kijani. Ni mfupi kuliko mdiria, sentimita 15 hivi, ila ni mzito zaidi kidogo, gramu 50 hivi. Msikilizaji, ndege huyu ni wetu. Asili yake haiko nchi nyingine yoyote duniani. Ni Tanzania peke yake, kuanzia nyanda hizi za kaskazini hadi katikati ya nchi. Anaye ndugu yake mwenye uso wa rangi ya chungwa, anayeitwa kwa jina la Fischer, daktari wa Kijerumani aliyesafiri Afrika Mashariki karne ya 19. Huyo yuko zaidi upande wa magharibi, Serengeti na Singida. Wote wawili waliandikwa na mtaalamu mmoja, Anton Reichenow wa Berlin, mwaka mmoja, 1887. Hanang iko karibu na pale nchi ya ndugu mmoja inapokoma na ya mwingine inapoanza.

Sasa tazama tulivyowakosea kwa majina. Tunaye mdiria asiyevua samaki, na tunaye kasuku asiyesema maneno ya watu. Shuleni, mwanafunzi anayemeza somo bila kulielewa tunamwambia amekariri kama kasuku. Kaa basi chini ya mgunga saa kumi na mbili asubuhi, usikilize cherero wakiamka. Hawamwigi mtu yeyote. Wanaitana, wanajibizana, wanaulizana nani yuko wapi. Kundi zima halitoki tunduni mpaka mazungumzo yamekwisha. Siku ya kwanza niliandika "kelele". Siku ya tatu nilifuta neno hilo nikaandika "kikao".

Mdiria naye ana sauti, ila ni ya watu wawili tu. Mume na mke hukaa tawi moja, wakatazamana, wakatoa mlio mrefu wa kutetemeka huku wakifungua na kufunga mabawa kama mtu anayefungua na kufunga kitabu. Hapo ndipo ile buluu na ule weupe wa ndani ya bawa huonekana. Ni tangazo kwa majirani kwamba eneo hili lina wenyewe. Jioni, ndege wengine wakishanyamaza, yeye bado anaita gizani.

Tofauti yao kubwa iko mdomoni, na mdomo ndio uliowapangia maisha. Mdomo wa mdiria ni mrefu, umenyooka, una ncha. Ni koleo la kunyakulia. Ameketi kwenye tawi kavu, kichwa kimeinama, hatikisiki. Nilimhesabia dakika kumi na moja pasipo kuhama. Kisha akashuka kama jiwe, akarudi na panzi mkubwa wa kijani, akampigiza kwenye tawi upande huu na upande ule mpaka miguu ikalegea, ndipo akameza. Wazee wetu walisema mvumilivu hula mbivu; mdiria anakula mbichi, lakini uvumilivu ni ule ule. Miguu yake ni midogo na dhaifu, vidole vya mbele vimeungana sehemu ya urefu wake. Si miguu ya kutembelea wala ya kupandia. Ni ya kukalia na kusubiri.

Mdomo wa cherero umepinda na una nguvu, na taya la juu nalo linachezeka, jambo linalompa nguvu ya kubana. Humenya mbegu moja baada ya nyingine, akatupa ganda, akabaki na kiini. Vidole vyake viwili vinaelekea mbele na viwili nyuma, kwa hiyo anashika tawi kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Akipanda shina, mdomo unakuwa mguu wa tatu: anauma, anajivuta, anakanyaga, anauma tena. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hawa wawili kila mmoja hushiba kwa mdomo wake. Ndiyo maana wanaweza kukaa mti mmoja bila kugombania chakula. Mmoja anatazama chini kwenye nyasi amwone panzi anayetikisika. Mwingine anaiendea nyasi ile ile kwa ajili ya mbegu zake.

Ingia nao ndani ya nyumba. Wote hutaga mayai meupe kabisa, na sababu ni moja: gizani mwa tundu, yai halihitaji madoa ya kulificha. Makinda yao wote huanguliwa vipofu. Lakini ukiacha hayo, nyumba hazifanani. Mdiria hatandiki chochote. Mayai yanalala juu ya sakafu tupu ya mti. Cherero ni fundi. Huchana magome na vijiti, akavibeba kwa mdomo, akaingia navyo ndani na kujenga chumba chenye paa, nyumba ndani ya nyumba.

Ubebaji huo wa vijiti umewahi kuufundisha ulimwengu. Huko kusini magharibi mwa Afrika, Namibia na jirani zake, kuna cherero mwingine ambaye hasafirishi vijiti kwa mdomo. Anavichomeka katikati ya manyoya ya mgongoni. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mtafiti William Dilger aliwazalisha pamoja cherero wa aina hiyo na cherero wa Fischer, akachapisha aliyoyaona mwaka 1962. Watoto walirithi mambo mawili yasiyopatana. Walichomeka vijiti mgongoni kama mzazi mmoja, vikaanguka. Wakavishika kwa mdomo kama mzazi mwingine, wakavirudisha mgongoni. Iliwachukua miaka kujifunza kwamba mdomo ndio unaofika salama. Tangu hapo mfano huo umetumika kueleza jinsi tabia inavyorithiwa na jinsi inavyorekebishwa na uzoefu. Ndege wa nyika zetu ndiye aliyekuwa mwalimu, ingawa alifundisha akiwa kizimbani.

Na hapo ndipo nilipotaka tufike, msikilizaji. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Tundu ni shimo dogo, kama lile la mgungani. Tundu pia ni kizimba cha kufugia ndege, kile cha waya au cha fito. Neno ni lile lile kwa makao na kwa gereza. Na katika ndege wetu wawili, mmoja tu ndiye aliyelijua tundu la pili.

Mdiria hakuna aliyemtamani. Hana rangi ya kuonyesha wageni sebuleni, na nani atamkamatia panzi kila siku? Cherero alitamaniwa kwa yale yale tunayomsifia. Anapendeza. Anakula nafaka, hivyo kumlisha ni rahisi. Anapenda wenzake, hivyo ukimnasa mmoja na akaita, kundi linakuja. Wazee walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege wengi wa porini, na mwaka 1987 cherero wa Fischer alikuwa mmoja wa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Fikiria kundi lililokuwa likifanya kikao kila alfajiri, sasa limejazwa kwenye sanduku linalosubiri ndege ya mizigo. Mwaka 1992 nchi yetu ilisimamisha usafirishaji wa cherero. Umoja wa Ulaya ulifunga milango kwa ndege wa porini mwaka 2005, na mwaka 2007 ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu. Mwaka 2016 Serikali ikazuia usafirishaji wa wanyama hai wote kwenda nje. Baadhi ya waliotoroka vizimbani walijipatia maisha mapya: leo utawaona cherero wenye shingo ya manjano Dar es Salaam, Tanga na Nairobi, na kando ya Ziwa Naivasha wamechanganyika na ndugu zao wa Fischer wakazaa machotara.

Biashara ikipungua, bado kuna shamba. Mjomba aliniambia wazi: "Hao wa kijani wananilia mtama." Ni kweli. Sitamdanganya mkulima wala sitakudanganya wewe. Cherero hula mtama na uwele, na kundi likishuka mashuke yakiwa na maziwa, hasara inaonekana. Lakini tutofautishe adui na jirani mkorofi. Adui ni kweleakwelea, anayekuja kwa makundi makubwa ajabu na kulimaliza shamba. Kwa ajili yake hunyunyizwa sumu jioni, juu ya miti wanapolala. Sumu hiyo haiulizi jina. Ndege wengine waliolala jirani hufa nao, na anayekula wadudu na mizoga yenye sumu hufuata. Kwa hiyo mdiria, ambaye hajawahi kugusa punje hata moja, anaweza kuhukumiwa kwa kosa la mla nafaka. Na ndiye huyo anayeshinda kutwa akiwatoa panzi kwenye mahindi bila kudai ujira.

Mdiria anatulipa kwa njia nyingine pia, na hii ilinishangaza kuliko zote. Teremka nami kutoka Mbulu mjini, uache mashamba ya vitunguu swaumu, uingie Bonde la Yaeda. Huko kuna mibuyu mikubwa, na kuna Wahadzabe, ambao mpaka leo baadhi yao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Wanaye msaidizi: mlembe, yule ndege anayewaita watu na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mrina asali hupigilia vigingi kwenye mbuyu, akapanda, akatoa sega. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walikadiria kwamba asilimia 8 hadi 10 ya chakula cha Wahadzabe ilipatikana kwa msaada wa ndege huyo.

Sasa uliza: mlembe analelewa wapi? Halei mwenyewe. Hutaga katika nyumba za ndege wa matunduni, na mdiria wetu wa nyikani ni mmoja wa wanaotwishwa mzigo huo. Kinda la mlembe huanguliwa likiwa na ncha kali mdomoni, na kwa ncha hizo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Mdiria hulilisha panzi mpaka linaruka. Ni habari ya majonzi, na sitaipamba. Lakini iweke pamoja: kigogota alichimba tundu, mdiria akalihamia, mlembe akaliingilia, na mlembe huyo siku moja akamwongoza mtu kwenye asali. Ukiukata mti mkavu, unakata mnyororo wote huo kwa pigo moja, na utashangaa miaka mingi baadaye kwa nini ndege wa asali haiti tena.

Miti ya namna hiyo haipandwi. Mche unaootesha leo, iwe kwa sherehe ya kitaifa au kwa hiari yako, ni jambo jema, lakini utachukua miongo kabla shina halijanenepa, tawi halijaoza, na kigogota hajapata pa kuchimba. Tundu ni kazi ya muda mrefu. Tanuri la mkaa hulimaliza kwa siku chache. Ndiyo maana ninawaheshimu Wahadzabe wa Yaeda, ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000, na tangu hapo wamekuwa wakilinda miti yao kupitia mradi wa hewa ukaa, ambapo misitu iliyobaki imesimama huiletea jamii fedha. Wao wamethibitisha kwa vitendo kwamba mti unaweza kumlipa mtu bila kuangushwa.

Na sisi wengine wa nyanda hizi tunajua thamani ya tundu. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo, adui akapita juu asijue kuna watu chini. Mtu ambaye babu yake alipona kwa kukaa ndani ya ardhi hahitaji kufundishwa maana ya kuwa na mahali pa kuingia jioni.

Siku ya tatu nilimsomea mjomba niliyoyaandika. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: "Na mtama wangu?" Tukakubaliana. Matawi mawili yaliyoanguka aliyapasua kuni, na ni kuni nyingi. Shina likaachwa. Wiki zile mashuke yanapotia maziwa, watoto wa nyumbani hushinda shambani kuanzia asubuhi wakiamia ndege kwa kelele na debe. Cherero huhamia kwenye mbegu za nyasi, na jioni hurudi kulala nyumbani kwao, mita chache juu ya mdiria.

Ninajua wako mnaonisikiliza ambao kesho mtatoka na shoka au panga, kwa sababu moto wa kesho nao unahitaji kuni. Ninalokuomba ni dogo. Ukifika kwenye mti mkavu wenye shimo, usianze kukata. Gonga shina mara mbili kwa mpini. Kisha rudi nyuma hatua kumi, uinue macho, na usubiri kidogo, kama mdiria anavyosubiri. Akichungulia mtu wa rangi ya kijani au wa rangi ya udongo, umebisha hodi kwenye nyumba ya watu. Tafuta kuni kwingine.